Mkono wa Kijana na Upana wa Makadirio

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wazazi na vijana wetu hapa Houston. Wengi mlikuwa zamu kazini, mkaomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka. Nilichoondoa ni michoro tu niliyokuwa nikiionyesha ukutani.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma na glavu mapajani: shikamooni, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie makadirio. Yaani zile namba zinazotolewa kabla ya msimu wa besiboli kuanza, zikieleza mrushaji fulani atafanya nini mwaka huo. Vijana wetu wanazisoma kwenye simu usiku kucha, na wazazi wamekuwa wakiniuliza: huu ni uganga gani? Si uganga. Ni hesabu. Na leo nataka kuwaonyesha hesabu hiyo inajua nini, na inaishia wapi, kwa kutumia timu iliyocheza hapa hapa mjini kwetu wakati ilipokuwa inavunjwa na kujengwa upya.

Najua wengi wenu mmekulia kwenye soka. Bukavu, Kigoma, Bujumbura, Mombasa. Besiboli mliikuta huku. Mimi pia niliikuta huku. Basi tuanze polepole. Mrushaji ni yule anayesimama juu ya kituta katikati ya uwanja, anautupa mpira, na mwenzake wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Kila mrushaji ana namba moja anayotembea nayo kama jina la ukoo: ERA. Ni mikimbio mingapi, yaani pointi, anaruhusu, ukiacha ile iliyotokana na makosa ya wenzake, kwa kila vipindi 9, ambavyo ni mechi moja kamili. Ikiwa chini ndiyo sifa. Mwenye 4 ni wa kawaida. Mwenye 3 anaheshimiwa. Mwenye 5 anatafutiwa mtu wa kukaa mahali pake.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 2011 Astros, timu yetu ya hapa Houston, walipoteza mechi 106. Mwaka 2012 wakapoteza 107. Mwaka 2013 wakapoteza 111. Katika mechi 162, ndugu zangu! Mechi 15 za mwisho za mwaka ule walipoteza zote, moja baada ya nyingine. Siku moja ya Septemba kipimo cha watazamaji wa televisheni hapa Houston kilisoma 0.0.

Mimi nilikuwa naenda uwanjani. Tiketi zilikuwa rahisi, na nilikuwa na rafiki yangu ambaye hakukosa mechi ya Jumapili. Tulikaa upande wa beisi ya tatu, kimoja cha vile vituo vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia. Uwanja ule unachukua watu zaidi ya 40,000, lakini mrushaji akitupa mpira ulisikia unavyoingia kwenye glavu ya mdakaji: pah! Ulisikia muuza karanga akiita kutoka ngazi za mbali. Ulimsikia mwamuzi akikohoa.

Pale ndipo nilipojifunza swali ninalotaka mwondoke nalo leo. Ungekuwa wewe ndiye mwenye timu, mwaka ule wa mechi 111, una vijana kumi na kitu wanaorusha mpira na wote wanapigwa, ungejuaje nani wa kumshika na nani wa kumwachia?

Nitawapa vijana wawili. Timu moja, mwaka mmoja, kituta kimoja.

Wa kwanza ni Dallas Keuchel. Astros walimchagua mwaka 2009 kwenye raundi ya 7 ya drafti, yaani ule mgao wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, kutoka Chuo Kikuu cha Arkansas. Mkono wa kushoto, ndevu, na mpira wake wa kasi haukuwa na kasi: kama maili 90 kwa saa, wakati wenzake walimpita. Mwaka 2012, msimu wake wa kwanza, ERA yake ilikuwa 5.27. Mwaka 2013 ikawa 5.15.

Wa pili ni Jarred Cosart. Huyu alikuwa na mkono wa radi. Alipandishwa ligi kuu Julai 2013, na mechi yake ya kwanza kabisa akawashinda Tampa Bay Rays kwao. Mpaka msimu unaisha alikuwa amerusha vipindi 60, na ERA yake ilikuwa 1.95.

Mmoja ana 5.15. Mwingine ana 1.95. Nani wa kumshika?

Rafiki yangu hakusita. Alinunua fulana yenye jina la Cosart mgongoni. Kila Keuchel aliposimama kwenye kituta yeye aliinuka kwenda kununua soda, akisema, "Niite wakimtoa." Na mimi sikuwa na la kumjibu, kwa sababu 1.95 ni 1.95.

Lakini kulikuwa na namba nyingine kwenye karatasi ile ile. Mwaka 2001 mtu mmoja anaitwa Voros McCracken alichapisha jambo lililowashangaza wengi: mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani, mrushaji hana mamlaka makubwa juu yake. Unaweza kuangukia mikononi mwa mlinzi, unaweza kupita katikati ya walinzi wawili. Katika mipira 100 ya namna hiyo, kama 30 inakuwa hiti, yaani mpigaji anafika beisi salama, kwa mrushaji mzuri na kwa mbaya karibu sawa. Kilicho chake kweli ni vitu vitatu: watu anaowatoa kwa straiki, yaani mpigaji akishindwa mara tatu anatoka; watu anaowapa beisi ya bure kwa kukosa shabaha; na homurani anazopigwa, yaani mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja. Hapo hakuna mlinzi wa kumsaidia wala wa kumwangusha. Hapo ni yeye na mpigaji.

Tazameni basi. Cosart, katika vile vipindi 60: aliwatoa kwa straiki watu 33, akawapa beisi ya bure watu 35. Umesikia? Aliowapa bure ni wengi kuliko aliowatoa! Ile 1.95 ilikuwa imebebwa na walinzi wake na bahati ya mipira kuangukia mikononi mwa watu.

Na Keuchel? Mwaka 2012 naye alikuwa hivyo hivyo: straiki 38, bure 39. Lakini mwaka 2013, ndani ya vipindi 153 na theluthi mbili, aliwatoa kwa straiki 123 na kuwapa bure 52. Kitu kimebadilika kwa mtu huyu! Alikuwa ameongeza mtupo mpya, slaida, unaokwepa gongo dakika ya mwisho. Na mpira wake ukipigwa ulikuwa unabingirika chini kwenye nyasi. Mpira wa chini hauwi homurani.

Kuna kanuni inaitwa FIP inayotumia vile vitu vitatu tu. Tuifanye pamoja, vijana toeni kalamu. Homurani 20 mara 13 ni 260. Beisi za bure 52 mara 3 ni 156. Jumlisha: 416. Straiki 123 mara 2 ni 246, toa. Inabaki 170. Gawanya kwa vipindi vyake, unapata 1.1. Ongeza 3 na kidogo, namba inayowekwa ili iendane na kipimo cha ERA. Ukiweka na wachache aliowagonga kwa mpira unafika kama 4.2. Siyo 5.15. 4.2! Mrushaji wa kawaida, amevaa nguo za mrushaji mbovu.

Mwaka uliofuata, 2014, ERA yake ilikuwa 2.93. Mwaka 2015 akashinda mechi 20, ERA 2.48, straiki 216, na hakupoteza hata mechi moja nyumbani: 15 kwa sifuri. Akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa American League, moja ya zile ligi mbili zinazounda ligi kuu. Yule ambaye rafiki yangu alikuwa anamkimbilia soda.

Na Cosart? Tarehe 31 Julai 2014, wakati watu bado wanalisifia jina lake, Astros wakampeleka Miami Marlins. Katika waliopata kwa mabadilishano yale walikuwamo Jake Marisnick, Colin Moran, na zamu moja ya kuchagua kijana kwenye drafti ya mwaka uliofuata, zamu ya 37. Shikeni hayo, nitarudi kwake. Rafiki yangu hakuongea nami wiki nzima, kana kwamba ni mimi niliyemuuza.

Sasa ngojeni. Msije mkaondoka hapa mkisema FIP ilijua Keuchel atakuwa bingwa. Haikujua. Ilisema ni wa kawaida. Kati ya 4.2 na 2.48 kuna safari ndefu, na sikuona hesabu yoyote, ya mtu yeyote, iliyoiona safari ile yote. Basi makadirio yanafanywaje, na kwa nini tuyasome?

Mama zangu mliowahi kupika mchuzi wa harusi mtanielewa haraka kuliko hawa vijana. Sufuria la watu 200 liko jikoni. Unachota kijiko kimoja juu, unaonja, unasema chumvi imezidi. Je, imezidi kweli, au umechota mahali ambapo haijaenea? Mpishi mzoefu hatupi mchuzi kwa kijiko kimoja. Anakoroga, anaonja tena, anaonja mara ya tatu. Na anakumbuka michuzi mingine yote aliyowahi kupika, kwamba huwa inahitaji kiasi gani.

Msimu mmoja wa mrushaji ni kijiko kimoja. Vipindi 60 vya Cosart ni ncha ya kijiko.

Mtaalamu mmoja, Tom Tango, alitengeneza makadirio rahisi kuliko yote akayaita Marcel, jina la nyani, akimaanisha kwamba hata nyani angeweza kuyafanya. Unachukua misimu mitatu ya mrushaji. Wa karibuni unauhesabu mara tatu, wa kabla yake mara mbili, wa kabla ya huo mara moja. Halafu unachanganya na wastani wa ligi nzima: kadiri mtu alivyorusha vipindi vichache, ndivyo unavyomimina wastani mwingi zaidi. Mwisho unaangalia umri. Kijana unampandisha kidogo, mzee unamshusha kidogo. Basi. Hiyo ndiyo Marcel, na mifumo mikubwa yenye kompyuta inahangaika kuishinda kwa mbali.

Lakini kuna mfumo mwingine ninaoupenda kwa sababu moja. Unaitwa PECOTA, aliubuni Nate Silver, na Baseball Prospectus, wachapishaji wa uchambuzi wa besiboli, wakaanza kuutoa mwaka 2003. Huu humtafutia mchezaji wenzake wa zamani wanaofanana naye, kisha hautoi namba moja. Unatoa ngazi. Mambo yakimwendea vibaya sana, hii hapa. Yakienda wastani, hii hapa. Yakimnyookea sana, hii hapa. Kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90.

Na hapo ndipo penye neno langu la leo. Ndugu zangu, usiulize makadirio yamesema ngapi. Uliza yana upana gani!

Mrushaji wa miaka 32 mwenye vipindi 1,500 nyuma yake, ngazi yake ni nyembamba. Tumeshaonja mchuzi wake mara nyingi. Akisemwa 4, atakuwa karibu na 4. Kijana wa miaka 23 aliyetoka ligi ndogo, zile za kuwakuza vijana, mwezi uliopita, ngazi yake ni pana kama mdomo wa bahari. Anaweza kuwa 3. Anaweza kuwa 6. Anaweza kuwa hospitali. Katikati ya ngazi zao panaweza kuandikwa namba ile ile, 4.5 na 4.5, na mtu asiyetazama upana akadhani hao ni watu wamoja.

Timu inayojijenga upya ni timu ya watu wa ngazi pana. Kila mtu kijana, kila mtu hajaonjwa vya kutosha. Ukijumlisha namba za katikati unapata timu mbovu, na ni kweli, mwaka huo itakuwa mbovu. Astros wa 2014 walipoteza mechi 92, hakuna aliyeshangaa. Lakini upana ule ndio mali yao pekee. Unahitaji wengi, na unahitaji kuwavumilia, kwa sababu kati ya kumi watatu watapanda ngazi hadi juu, na huwajui ni watatu gani.

Ndiyo maana nampenda sana Collin McHugh. Mwaka 2013, akiwa Mets na kisha Rockies, ERA yake ilikuwa 10.04. Kumi! Mwezi wa Desemba Rockies wakamtoa kwenye orodha yao, Astros wakamwokota bila kutoa mchezaji hata mmoja. Walikuwa wamepima mzunguko wa mpira wake wa kona, ule unaopinda na kushuka, wakaona unazunguka haraka kuliko wa warushaji wengi. Wakamwambia aurushe zaidi, na ule wa kuzama aupunguze. Mwaka 2014: ERA 2.73, straiki 157. Mwaka 2015 akashinda mechi 19. Kwa kila McHugh waliokotwa wengine ambao leo hakuna anayewakumbuka, na hilo si kosa la aliyewaokota.

Na upande wa chini wa ngazi? Upo, na unauma.

Mark Appel alizaliwa hapa Houston. Mwaka 2013 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika nchi nzima, na timu ya mji wake. Ungeandika nini kizuri zaidi? Hakuwahi kurusha mpira hata mmoja kwa Astros kwenye ligi kuu. Alihangaika ligi ndogo, akapelekwa Philadelphia Phillies Desemba 2015, mwaka 2018 akauacha mchezo. Akarudi mwaka 2021, na Juni 2022, akiwa na miaka 30, akapanda kwenye kituta cha ligi kuu kwa mara ya kwanza, na jezi ya Phillies. Nililia siku ile. Sioni haya kusema.

Mwaka 2014 Astros walichagua wa kwanza tena. Brady Aiken, mkono wa kushoto, anatoka sekondari. Madaktari wakamkagua kiwiko, wakaona kano yake ina walakini. Timu ikapunguza dau, mazungumzo yakavunjika, mkataba haukusainiwa. Mji mzima ulikasirika. Machi 2015 kiwiko kikakatika, akafanyiwa upasuaji ule unaoitwa Tommy John, wa kupandikiza kano nyingine, ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kwa kumkosa Aiken, Astros walifidiwa zamu ya pili mwaka uliofuata, na kwa zamu hiyo wakamchagua Alex Bregman. Yeye si mrushaji, ni mpigaji. Lakini mtamkumbuka.

Wazazi, hapa nisimame kidogo. Hakuna safu ya hesabu inayosema kiwiko cha mtoto wako kitakatika lini. Mtoto akisema mkono unauma, mpumzisheni siku hiyo hiyo. Si wiki ijayo baada ya mechi. Siku hiyo hiyo. Nimewaona watoto wa miaka 13 hapa wakirusha Jumamosi timu hii na Jumapili timu ile. Nawaomba kwa heshima zote: hapana.

Kuna kijana amenyoosha mkono kule, na najua anataka kuuliza ya 2017. Ni haki yako, mwanangu. Astros walichukua ubingwa mwaka ule, na Januari 2020 uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba walikuwa wakiiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji, ili mpigaji ajue mpira gani unakuja. Jeff Luhnow, meneja mkuu aliyeijenga timu, alisimamishwa na kisha kufukuzwa. Ni doa, na halifutiki. Lile lilikuwa jambo la wapigaji. Mimi leo nazungumza juu ya warushaji, na mwaka 2015, kabla ya hayo, warushaji wa Astros walikuwa na ERA bora kuliko timu zote za American League, 3.57. Miaka miwili tu baada ya mechi 111.

Sasa nirudi kwa Cosart, kama nilivyoahidi.

Agosti 2017, kimbunga Harvey. Hamuhitaji mimi niwasimulie. Wengine wenu mlilala juu ya meza. Maji yalikuwa hayajatoka mitaani, na usiku wa tarehe 31, sekunde chache kabla ya mlango wa usajili kufungwa, Astros walimchukua Justin Verlander kutoka Detroit Tigers. Umeme kwangu ulikuwa umerudi jioni ile. Nikampigia rafiki yangu, ambaye alikuwa amehamishiwa ghorofani kwa dada yake. Akauliza, "Wametoa nani?" Nikamsomea majina matatu: Franklin Perez, Daz Cameron, Jake Rogers.

Nikamwambia, "Huyo Cameron. Unajua alichaguliwa zamu ya ngapi? Ya 37."

Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Ile zamu ya Miami."

Zamu ya Cosart. Ile 1.95, iliyouzwa wakati bado inang'aa, ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya bei ya Verlander, ambaye Septemba ile alirusha mechi 5 kwa Astros, akashinda zote 5, ERA 1.06.

Januari iliyofuata, mwaka 2018, simu ililia alfajiri. Ni yeye. Hata salamu hakutoa. Astros walikuwa wamempata Gerrit Cole kutoka Pittsburgh Pirates, na rafiki yangu, mwenye ile fulana, alikuwa anataka kunisomea majina ya waliotolewa. Alisoma Joe Musgrove. Alisoma Michael Feliz. Alisoma Jason Martin. La nne alilichelewesha makusudi, nikamsikia anacheka peke yake kule.

"Colin Moran," akasema. "Toa kalamu, tufanye hesabu."